Niliazima Mdomo wa Rose

Nina miaka thelathini na minne, ni fundi cherehani hapa Khayega. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Kwa miaka sita misuli ya koo langu imekuwa ikijikaza nikisema. Maneno hukatika kama nimekabwa. Kila miezi mitatu au minne nadungwa sindano shingoni ya kuilegeza. Wiki mbili za kwanza sauti huwa pumzi tu, hata maji hunipalia. Kisha inafunguka... halafu dawa inaisha nguvu, tunaanza upya.

Mchumba wangu Wycliffe aliendesha trekta la miwa huko Matungu, kwa hiyo mapenzi yetu yalikuwa ya simu. Siku za kukabwa, binamu yangu Rose, niliyeshona naye duka moja, alinisemea. Nilinong'ona, yeye akarudia kwenye simu. Nilimwamini kama ulimi wangu. Nilikuwa mjinga kiasi gani?

Ikafika siku Wycliffe anapiga, nami sauti ninayo, anauliza, "Rose yuko?"

Miezi michache baadaye ndoa yao ikatangazwa kanisani. Na ng'ombe wawili wa mahari yangu kutoka kwa Wycliffe walikuwa tayari zizini kwa baba yangu, huko Mayoni! Nikapanga kisasi. Jumapili ya tangazo la tatu ningesimama na sauti safi, kanisa zima lisikie habari za ng'ombe hao. Nilihesabu wiki vizuri, lakini dawa ilichelewa kufika kliniki, nikadungwa siku nne tu kabla.

Pasta akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikasimama, nikasema yote... ikatoka pumzi.

"Dada anasema nini?" pasta akauliza.

Rose akageuka, akanitazama. "Mimi ndiye namsemeanga, pasta. Anasema anatutakia heri."

Kanisa likapiga makofi. Mama mmoja alinikumbatia akisifu moyo wangu. Na kalamu nilikuwa nayo mkobani.

Sauti iliporudi, walikuwa wameshafungishwa ndoa. Ng'ombe hawajarudishwa. Mmoja amezaa, na ndama nimemwita Rose. Akiingia kwenye mahindi anachapwa, na nikienda kwa baba jina lake naliita kwa sauti kubwa.

Msamaha? Bado. Wenzangu mnaokatikiwa sauti, kukosa sauti si kukosa neno. Nong'oneni, andikeni, gongeni meza, lakini msimwachie mtu aseme moyo wenu.

Rose, najua unasomanga kurasa hizi. Hapa hakuna wa kunisemea.