Chavua Isiyo ya Bi Ersilia

Jumapili tarehe 21 Septemba, saa nane na dakika arobaini mchana, mzee Oreste Pieraccini aliinuka mezani kwenye karamu ya uchumba wa mjukuu wake, akasema anaona ukungu, kisha akaanguka juu ya sahani yake ya nyama ya nguruwe. Ilipofika saa kumi, watu tisa walikuwa wamelazwa hospitali wakitapika na kutokwa jasho. Mzee Oreste, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa mahututi.

Sajini Nives Bracci, mkuu wa polisi wa kijiji cha Monteginestro, alipeleka maabara kila kilichokuwa jikoni mwa mkahawa wa Duccio Mannelli, ilikofanyika karamu hiyo. Majibu yakaja Jumatano. Nyama safi, mvinyo safi. Sumu ilikuwa kwenye chupa ndogo ya chavua ya shamari mwitu, ule unga wa manjano wa maua unaonyunyizwa juu ya nyama ikitoka tanurini. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu, ya zamani, iliyopigwa marufuku. Chupa ilibandikwa karatasi: "Ersilia, 10 Agosti."

Basi, kijiji kikaona kesi imekwisha. Bi Ersilia Fantacci, mjane aliyewakolezea chakula kwa miaka arobaini, akageuka muuaji kwa siku moja. Mlango wake ulipakwa mavi ya nguruwe. Muuza mkate alimwambia mkate umekwisha, na huku rafu nyuma yake zimejaa tele. Nives alipoyasikia hayo ya mkate, damu ilimchemka. Lakini hasira si ushahidi, na mzee Oreste akifa, Bi Ersilia angefia jela.

Alhamisi saa tatu asubuhi alimkuta bibi huyo amepiga magoti, anausugua mlango wake.

"Mama, ulimuuzia Duccio chavua mwaka huu?"

"Hata chembe. Tarehe tisa Agosti ilipiga mvua ya mawe, unakumbuka?"

Nives alikumbuka. Kioo cha gari lake kilipasuka siku hiyo.

"Maua yaliyokuwa wazi yote yalipukutika. Nikangoja vitumba vilivyobaki vifunguke, nikapata chupa tatu za nyumbani. Duccio alipokuja kuulizia, nikamwambia mwaka huu hakuna, mwanangu."

"Yeye anasema ulimpa."

"Na wewe unasemaje?"

Nives aliuliza bibi huchuma wapi.

"Kwenye tuta la reli ya zamani, na kule juu makaburini. Kwanza nawaangalia nyuki. Pasipo na nyuki sigusi ua. Wao wana akili kuliko diwani wetu."

Saa tano Nives alikuwa mkahawani. Duccio, mwanamume nadhifu wa miaka arobaini, alimwekea kahawa bila kuulizwa.

"Mimi namhurumia, afande. Macho yamekwisha, anachuma popote. Kosa langu ni kumwamini."

"Alikuletea lini?"

"Mwisho wa Agosti. Mimi Agosti nzima sikutoka jikoni, watalii walinijaa hadi mlangoni."

Aliyebaki ni Amos Tognarini, muuza nyama, aliyegombana na Bi Ersilia miaka ishirini juu ya nani achume wapi. Watu walinong'ona kwamba ndiye aliyetia sumu ili amharibie jina. Ijumaa mchana Nives alimkuta anakata mbavu.

"Ni kweli mlitukanana?"

"Tarehe kumi na sita Agosti, kwenye tuta la reli. Nilimwita jini la kizee. Akaniita soseji iliyochacha." Amos akaweka panga chini. "Alinishinda. Lakini sikiliza, afande. Yule mama akichuma shina moja, anaacha vichwa viwili vya mbegu. Anachuma kwa kucha, hata kisu hatumii. Mtu wa hivyo hawezi kumlisha mtu sumu. Wanaosema hivyo ni wapumbavu, na wewe ukiwasikiliza ni mpumbavu mwenzao."

"Una hakika ilikuwa kumi na sita?"

"Ilikuwa siku moja baada ya Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa mvinyo."

Nives alirudi kwa Bi Ersilia mbio. Chupa tatu zilikuwa kabatini, mbili zimejaa. Zote zilibandikwa karatasi: "Ersilia, 16 Agosti."

Hapo mambo yakamkaa sawa. Monteginestro yote huchuma shamari siku ya Mtakatifu Lorenzo, tarehe kumi, na huandika tarehe hiyo bila kufikiri. Lakini siku moja baada ya mvua ya mawe hapakuwa na chavua ya kuchumwa. Aliyebandika karatasi ile hakuwa Bi Ersilia. Hakuwa Amos pia, kwa kuwa Amos alijua siku aliyochuma bibi. Alikuwa mwenyeji aliyezoea tarehe kumi, na hakujua bibi aliingia porini lini.

Duccio ndiye aliyedai kuipokea chupa ile, naye ana shamba la mizabibu nje ya kijiji; Jumatatu Nives alikwenda kutembea kando yake. Pembeni mwa shamba mashina ya shamari yalikuwa yamekatwa kwa mkasi wa mizabibu, yote, bila kuachwa hata kichwa kimoja. Chini yake nyuki waliokufa walitapakaa kama maganda ya mchele. Alichukua mashina na nyuki, akapeleka maabara.

Alhamisi tarehe 2 Oktoba, saa saba mchana, majibu yakiwa mfukoni, aliingia mkahawani ukiwa umejaa. Bi Ersilia alikuwa naye. Vijiko vikanyamaza.

"Afande, mgeni huyo hapana," Duccio alisema. "Wateja wangu watakimbia."

"Wakae. Duccio, mizabibu yako ulipiga dawa gani?"

"Ya kawaida."

"Ile iliyopigwa marufuku. Imepatikana kwenye shamari ya pembeni mwa shamba lako, na ndiyo iliyokuwa kwenye chupa. Stoo yako ya chini askari wangu wameshaipekua. Chupa ishirini na sita, zote zina jina la Ersilia, zote tarehe kumi. Mama huyu alichuma tarehe kumi na sita."

Duccio aliwatazama wateja, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemsaidia.

"Jina lake liko kwenye karatasi ya vyakula," alisema mwishowe. "Watalii wanakuja kwa ajili yake, wanataka na chupa ya kwenda nayo. Ningewaambia nini? Mvua ya mawe? Sikujua dawa imefika pembeni."

"Na watu walipoanguka, ulijua?"

Duccio alichukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta.

"Ulijua," Nives alisema. "Madaktari walikuwa wanahangaika kujua sumu gani, wewe unalo jibu, na ukakaa kimya ili bibi huyu akubebee mzigo. Mzee Oreste amefumbua macho jana. Mshukuru Mungu, si mimi."

Alimfunga pingu papo hapo, mbele ya wateja.

Ndipo viti vikaanza kusogea. Muuza mkate alikuwa wa kwanza kuja, mikono wazi, machozi tayari. "Bibi, tusamehe, hatukujua."

Bi Ersilia alirudi hatua moja nyuma, mkono usimfikie.

"Nimekaa siku nane na mlango umefungwa," alisema. "Mnajua nyumba yangu. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Alifunga kitambaa chake kichwani, akamwambia Nives angependa kupelekwa hospitali, akamwone Oreste.