Gego la Gentil

Asubuhi ile Bukavu ilikuwa na jua zuri, na Ornella, jirani yetu wa Muhumba, alishuka kwenda chuoni akitafuna andazi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno. Siku hiyo lilikuwepo lile somo la sheria na maiti, ambalo wenzake walilifanyia mzaha: nani amewahi kusikia mfu akilalamikia jino?

Profesa Cyprien hakuwa mtu wa mzaha. Aliwapeleka kwenye chumba cha maiti, alikolala kijana aliyefukuliwa katika shimo la dhahabu lililoporomoka huko Mwenga. Uso haukuwepo tena. Meno yalikuwepo.

"Mufu hana avoka wa kumutetea, iko na meno yake tu," alisema. "Mukimusemea uongo, ataenda kulalamikia wapi?"

Nje alisubiri maman Eulalie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, huko Nyawera. Mwanawe Gentil alikuwa akichimba kule kule, na tangu shimo liporomoke simu yake ilikuwa kimya. Alijua alama moja tu: gego la chini, upande wa kulia, lilizibwa Gentil akiwa bado shuleni. Ornella akapewa kazi ya kuangalia. Gego la marehemu lilikuwa zima kabisa. Na jino likishatobolewa na kuzibwa halirudi kuwa zima, hilo hata mwanafunzi mgeni analijua. Basi huyu hakuwa Gentil.

Akatoka kumwambia mama. Kabla hajaanza, mama akamshika mikono yote miwili.

"Docta, unipatie mutoto wangu nimuzike. Sina hata pahali pa kulilia."

Huruma ikamponza. Wenzake walipoenda kula alirudi ndani na mashine yake ndogo ya mazoezi, akatoboa gego la marehemu, akaliziba. Alifanya haraka haraka, mzibo ukabaki na kijinundu pembeni. Hakupata muda wa kukilainisha. Profesa akaja, akaona, akasaini. Marehemu akazikwa Mudaka kwa jina la Gentil, na maman Eulalie akalia mpaka moyo ukatua.

Miezi ikapita. Mchana mmoja, Ornella akiwa kwenye kliniki ya chuo, maman Eulalie aliingia akicheka na kulia kwa pamoja. Nyuma yake alikuwepo kijana, sura ile ile ya kwenye picha za msiba.

"Gentil amerudi! Majirani wanamukimbia, na ku biro ya komini wanasema ameshakufa. Umuangalie mu kinywa, uandike kama iko yeye, iko muzima."

Ornella alifurahi, kisha akaogopa. Uongo wake ungejulikana, na diploma ingekwenda na maji. Na iende, alijiambia. Mama huyu apate mwanawe, nami nitasema yote.

Kijana akaketi. Hakusalimu. Akafungua kinywa.

Ornella akaingiza kioo. Hakikupata ukungu wa pumzi. Gego la chini, kulia. Limezibwa. Alishusha pumzi. Akapitisha ncha ya chombo. Ikakwama.

Pembeni palikuwa na kijinundu.

Mzibo wake. Kazi ya mkono wake mwenyewe.

"Hili jina, ni wewe ulinipatia," sauti ilinong'ona. Midomo ya kijana haikucheza. "Usininyang'anye."

"Iko yeye, docta?" maman Eulalie aliuliza kutoka mlangoni.

Ornella aliutazama uso wa mama uliojaa furaha. Hakuweza kuizima. Alijichukia, na bado anajichukia.

"Iko yeye, maman."

Wakatoka wameshikana mikono, mama akihesabu vyakula atakavyompikia. Ornella akafungua bomba la kando ya kiti asafishe kioo. Yakatoka maji mekundu, mazito, yenye udongo. Fundi amekwisha badilisha bomba na mabomba ya ukutani, lakini kwenye kiti kile maji bado yanaanza na udongo wa shimoni. Na Gentil wa kweli, huko alikolala, hakuna tena anayemtafuta.