Alichomwambia Bi Gwen Badala ya Mumewe

"Sasa makofi ya mwanzo yako wapi?"

Yaqoob alijiuliza kwa sauti, peke yake chumbani, hedfoni kichwani. Chini ya dirisha lake la Wattaya, mjini Maskati, watu walikuwa wakifuta vumbi magari mapya mbele ya duka. Yeye alikuwa akisafisha sauti ya mkewe mtarajiwa. Mkewe hasa, tuseme kweli, maana milka, sherehe ya nikaha, ilishapita na ndoa imefungwa. Kilichobaki ni harusi, wiki tatu mbele.

Rawan alikuwa na kipindi chake cha mtandaoni. Huzungumza na wasanii wa Australia, nchi aliyosomea, akiwauliza namna wanavyofanya kazi zao: wanaanza saa ngapi, wanajuaje kwamba kazi imekwisha, wanaifanya nini iliyoharibika. Huongea nao Kiingereza, kisha huweka tafsiri ya Kiswahili juu yake, na Yaqoob hukata na kuunganisha. Wasikilizaji wao wako Maskati, Unguja, mpaka Mombasa.

Na walikuwa na mtindo wao. Kipande ambacho Rawan hataki kitoke, hupiga makofi mawili kabla yake na mawili baada yake. Yaqoob huyaona makofi kwenye kompyuta, hukata kilicho katikati bila kukisikiliza. Wageni thelathini na mmoja wamepita hivyo, na Yaqoob hajawahi kuchungulia hata mara moja. Rawan aliwahi kumwambia kwamba alimpenda kwa hilo kuliko kwa macho yake, ingawa na macho nayo hayakuwa mabaya.

Leo makofi ya mwisho yapo, ya mwanzo hayapo. Ikambidi arudi nyuma asikilize.

"Mwakani utanialika tena?" aliuliza Bi Gwen Talbot, mfumaji wa Fremantle, mwanamke wa miaka sabini na moja anayefumua masweta makuukuu ya watu na kuufuma ule uzi upya uwe mapazia makubwa ya kutundikwa ukutani.

"Mwakani kipindi hakitakuwapo," alijibu Rawan.

"Kwa nini, binti yangu?"

"Mume wangu hataki."

Yaqoob alishika hedfoni kwa mikono miwili.

"Si ndiye anayekutengenezea sauti?"

"Ndiye. Hapo ndipo panaponiuma. Ameona haya kuniambia mwenyewe, miezi miwili iliyopita kamtuma mama yake. Kila wiki ananiandikia 'kazi nzuri, Rawan', kumbe anangoja niingie kwake yaishe. Namtazama usoni, sioni kitu. Nitaishi vipi na mtu nisiyejua anasema kweli wakati gani?"

"Unampenda?"

Yaqoob aliongeza sauti.

"Nampenda. Ningekuwa simpendi ningeshamwambia baba avunje. Lakini nitamwambia, kabla ya harusi. Heri niachike sasa."

"Usimwambie baba kabla hujamwuliza mume," alisema Bi Gwen. "Nakusihi."

Rawan alivuta kamasi, akapiga makofi mawili, na sauti yake ikarudi changamfu: "Haya tuambie, Bi Gwen, uzi uliofumuliwa unaunyoosha vipi?"

Yaqoob hakusikia uzi unanyooshwa vipi. Simu ilitetemeka mezani.

*Yaqoob, nimesahau makofi ya mwanzo! Futa kuanzia dakika ya arobaini. Usisikilize, tafadhali. Nakuamini.*

Lile "nakuamini" lilimchoma kuliko yote. Aliandika "Sawa", akafuta. Aliandika "Nimeshasikia", akafuta na hiyo. Akachukua funguo za gari.

Barabara ya kupanda milima kwenda Al Amerat aliimaliza bila kujua ameimalizaje. Mama yake, Bi Masouda, alikuwa jikoni, anachovya visheti vya harusi kwenye shira na kuvipanga kwenye sinia.

"Mama, ulimwambia nini Rawan?"

"Salamu hazipo siku hizi?"

"Assalamu alaykum. Ulimwambia nini?"

"Wa alaykum salaam. Nnamwambia mengi yule mtoto. Lipi unalitaka?"

"La kipindi chake."

Kijiko kilisimama ndani ya shira.

"Kakushtakia?"

"Angenishtakia ingekuwa nafuu. Amelimeza miezi miwili. Ulimwambia mimi ndiye nisiyetaka, Mama?"

Bi Masouda alipanga kisheti kimoja, akakipangua, akakipanga tena.

"Skiza, mwanangu. Siku ile nlikwenda kwao Al Khoudh na fundi kupima nguo. Nafungua mlango, namkuta mkwe wangu kakaa mbele ya kompyuta, na ndani ya kompyuta mwanamme kifua wazi! Mzee mzima, kifua kimejaa malaika meupe, nywele tupu, anacheka!"

"Mama, yule Clive. Mchoraji wa Darwin. Kule joto kama kwetu, anachora bila ya shati miaka hamsini. Ana wajukuu kumi na mmoja."

"Wajukuu kumi na mmoja, asipatikane hata mmoja wa kumnunulia fulana?"

Siku nyingine Yaqoob angecheka mpaka akae chini.

"Ungemwambia hukupenda. Kwa jina lako. Kwa nini ukatumia langu?"

"Kwa sababu langu angelipokea kwa adabu, akaendelea. Lako angelitii." Bi Masouda alifuta mikono kwenye kanga. Sauti yake ikateremka. "Na si yule mzee tu, wallahi. Kila siku Australia, Australia. Nduguyo Saeed alikwenda kule New Zealand kwa wiki mbili. Mwaka wa tisa huu! Wanawe nawabusu kwenye kioo cha simu. Nikasema huyu mtoto atamchukua na Yaqoob. Mie ntabaki na nani?"

Yaqoob alikuja na hasira ya kutosha nyumba nzima, na sasa hakujua aiweke wapi. Alikuwa amemkasirikia mama yake na amemhurumia kwa wakati mmoja.

"Mama, kwa kutaka nibaki, unanivunjia nyumba. Rawan anataka kuachika."

"Kuachika?" Bi Masouda alitazama masinia matatu ya visheti. "Nani kasema kuachika?"

"Yeye. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Bi Masouda alizima jiko.

"Maneno nimeyatia mie mdomoni mwako, na mie ndiye ntakayeyatoa. Nipe buibui langu. Twende."

"Mimi kwanza. Nina kosa langu la kumwambia."

"Weye una kosa gani?"

"Nimesikiliza nisichoruhusiwa kusikiliza."

Walifika Al Khoudh baada ya sala ya alasiri. Bi Masouda alibaki garini na kiyoyozi chake, midomo inamcheza kwa nyiradi. Rawan alitoka getini na shela alilojitupia haraka haraka, anatabasamu.

"Mbona hukunijibu? Umeshafuta?"

"Rawan, nimesikiliza."

Tabasamu likaenda zake.

"Kipande gani?"

"Chote. Kuanzia 'mwakani utanialika tena'."

"Nilikuandikia usisikilize!"

"Ujumbe ulikuja nimeshasikia. Lakini sijitetei kwa hilo. Nilipojisikia natajwa ningeweza kuzima, na sikuzima. Nisamehe."

"Ungenijibu 'sawa' tu. Nisingejua maisha yangu yote."

"Niliiandika. Nikaifuta. Umesema hujui mimi nasema kweli wakati gani. Nikaona nianze leo."

Rawan aliangalia pembeni. Machozi yalishafika, anayazuia kwa nguvu.

"Haya, sema kweli. Unataka niache kazi yangu?"

"Sitaki. Sijataka hata siku moja. Sikumtuma mtu."

"Mama yako alikaa chumbani kwangu, kanishika mkono, kaniambia. Leo unamsingizia mama yako mzazi?"

Yaqoob aligeuka kutazama gari. Mwanamume atamwambiaje mkewe kwamba mama yake ni mwongo, na huyo mama yuko hatua kumi? Mlango wa gari ukafunguliwa.

"Hanisingizii."

Bi Masouda alishuka taratibu, akaja mpaka getini, akasimama juani kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

"Mie mtu mzima nimekudanganya, mwanangu. Mumeo hakunituma. Hakujua kitu mpaka leo adhuhuri. Nlitumia jina lake kwa kuwa nliogopa utamchukua, kama nlivyochukuliwa yule mwengine. Kama moyo wako umeshachoka nasi, basi mie mwenyewe ntaingia kwa babaako nimwambie kosa langu. Huyu asilaumiwe."

Rawan alikuwa amejiandaa kwa ugomvi miezi miwili mizima. Maneno yote makali alikuwa nayo, amepanga lipi lianze. Kwa hili hakujiandaa hata kidogo. Mama mkwe kuomba radhi nje ya geti, mbele ya mwanawe, jirani anamwagilia maua na masikio yamemsimama! Alimshika Bi Masouda mabega, akambusu kichwani, na kilio chake chote kikatoka hapo hapo.

"Nakushukuru, Mama. Ungekaa kimya, mwanao angebaki mwongo kwangu daima. Wallah nakushukuru."

"Usinishukuru, utaniua kwa haya."

"Nitakushukuru tu. Na simchukui mtu. Nilisoma kule, nikarudi. Wale naongea nao kwa sababu kila nikiwasikiliza napata nguvu ya kufanya kazi yangu mimi, hapa hapa."

Akamgeukia Yaqoob, shela limelowa.

"Na wewe nakushukuru kwa ile 'sawa' uliyoifuta. Lakini na mimi nina langu. Nilimwambia mtu wa Fremantle kabla ya kukwambia wewe. Miezi miwili nakutazama kama mshitakiwa, wala sikuuliza swali. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza!"

"Niulize sasa," alisema Yaqoob.

"Unanipenda?"

"Jirani anasikia."

"Na asikie."

"Nakupenda, Rawan. Nakupenda na kipindi chako, na wazee wako wote wa Australia, wenye mashati na wasio nayo."

Bi Masouda aliguna. "Basi mie nataka kumwona huyo bibi. Si ndiye aliyekuzuia usende kwa babaako?"

"Ndiye. Nilijua kasema haki, nikawa naogopa jibu."

"Basi tuna deni la ahsante. Mpigie kesho, nami nije."

Kesho yake, saa nne asubuhi, Bi Masouda alikaa mbele ya kompyuta ya Rawan amejifukiza udi, kana kwamba udi utafika Fremantle. Yaqoob alikaa nyuma yao. Bi Gwen alitokea kwenye kioo, miwani puani, sweta la kijani nusu limefumuliwa mapajani. Rawan alimweleza yaliyotokea, na yule bibi alivua miwani akaifuta mara mbili.

"Mwambie nnamshukuru," alisema Bi Masouda. "Kaniokolea mkwe."

Rawan alitafsiri. Bi Gwen alisema hakufanya kitu, alisema neno moja tu.

"Neno moja linatosha likija wakati wake. Sasa muulize, na mie nna suali langu. Kazi yote hii, umenambia kafuma miaka arobaini, ana watoto watatu. Mama mkwe wake alikuwaje?"

Rawan alisita kidogo, akauliza.

Bi Gwen aliacha uzi uteleze mkononi.

"Nimehojiwa na watu wengi," alisema, na Rawan akawa anatafsiri polepole. "Wameniuliza rangi, wameniuliza sufu, wameniuliza mume wangu. Mama mkwe hajaniulizia mtu. Alikuwa anaitwa Joan. Hakuipenda kazi yangu, aliiona upuuzi. Lakini kila Jumanne, kwa miaka kumi na moja, alikuja kuwachukua watoto wangu asubuhi, akanirudishia jioni wameoga. Kazi zangu zote za mwanzo ni za Jumanne. Alikufa nikiwa safarini kwenye maonyesho, na sikuwahi kumwambia ahsante."

Yaqoob alimwona mama yake akipangusa macho kwa ncha ya buibui, kisha akakaa sawa na kukohoa, kama mtu anayetaka kusema jambo kubwa barazani.

"Mwambie Mungu amrehemu Bi Joan. Na mwambie," Bi Masouda alimtupia mkwe wake jicho la pembeni, "na mie Jumanne nna nafasi."

Rawan aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alimtazama Yaqoob, akamtazama mama mkwe wake, akasema alhamdulillah kwa sauti, machozi na kicheko vimechanganyika. Halafu akatafsiri.