Nyayo za Kijani Mlangoni kwa Winfrida

"Dada, hebu nikumbushe, hizi nyayo zilianza lini?"

"Machi. Usizikanyage!"

Hasina, mtafiti kutoka chuo kikuu, akarudisha mguu haraka. Kijiji kizima cha Kisondela kilijua mkasa huo. Lori la mafuta lilipinduka barabarani, dizeli ikateremkia shambani kwa Winfrida, migomba ikafa, udongo ukabaki mweusi tii kama kitako cha sufuria. Halafu nyasi zikaota juu yake, kwa umbo la nyayo! Zilitoka barabarani hadi kaburi la marehemu Ambindwile, na kutoka kaburini zikaja mpaka mlango wa mjane wake. Ukungu ukishuka, ungeapa zinapiga hatua.

"Ni mume wangu," Winfrida alinong'ona. "Hataki niolewe na Ezron."

Hasina akafungua bahasha.

"Majibu yametoka. Kwenye nyayo zote, hadi hizi za mlangoni, kuna bakteria wanaokula mafuta, ndiyo maana nyasi zimeota. Maabara imesoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, ikalinganisha na wale niliowachota kila panapomwagwa oili chafu Tukuyu. Wamefanana na wa sehemu moja tu."

"Wapi?"

"Gereji ya Ezron."

Winfrida aliketi pu! kama gunia la viazi. Akashika simu, akamwandikia Ezron.

"KUMBE NI WW UNANITISHA? NJOO SASA HIVI."

"Naja shem. Nisamehe."

Shem! Mwanaume anatongoza mwaka mzima, bado anakuita shem.

Alifika na pikipiki, macho chini.

"Ulikuwa unafuata nini hapa?"

"Ruhusa. Ambindwile alikuwa rafiki yangu. Kila Jumapili alfajiri nakuja kupiga magoti kaburini, namwomba aniachie nikuoe. Udongo wa gereji utakuwa umeletwa na buti zangu."

Winfrida nusura acheke.

"Ukimaliza unakuja kusimama mlangoni kwangu kama mwizi wa kuku!"

"Mlangoni?" Ezron akaduwaa. "Sijawahi kufika mlangoni. Nikitoka kaburini narudi barabarani."

Hasina aliitazama karatasi yake, akaikunja taratibu.

Winfrida alizifuata nyayo kwa macho, kutoka kaburini hadi kizingitini. Nywele zilimsimama.

"Umemwomba mara ngapi?"

"Nyingi. Hajawahi kunijibu."

"Ruhusa alikuja kuniletea mimi. Nami miezi yote hii namfungia mlango."

Akausukuma mlango, ukafunguka wote.

"Ingia, Ezron."

Kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi ya kupita watu wawili.