Vikamba Kumi na Kimoja

Kila Jumatatu baada ya vipindi, wanafunzi wa klabu ya sayansi waliteremka ufukweni na wavu wenye matundu madogo sana. Waliukokota kandokando ya miamba ya matumbawe, kisha wakarudi maabara na chupa ya maji ili kuhesabu vikamba, jamaa wa kamba walio wadogo kuliko punje ya ufuta. Kwa macho matupu ungedhani ni maji tu. Chini ya hadubini, vikamba vilirukaruka kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa.

Juma lile zamu ya kuhesabu ilikuwa ya Kiguu. Jina hilo alipewa na mama yake mdogo, aliyekuwa akimlea, kwa kuwa mtoto huyu alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutembea. Kukaa kitako dakika kumi kwake kulikuwa adhabu.

Kanuni ilikuwa kumimina maji hayo katika sahani tatu ndogo za kioo, kuhesabu kila moja, kisha kuandika wastani. Kiguu alihesabu ya kwanza, akapata vikamba kumi na kimoja. Akatazama ubaoni: majuma matatu yaliyopita vilikuwa karibu mia mbili kila mara. Bila shaka amekosea, na wenzake wangemcheka. Mguu wake ukaanza kucheza chini ya meza. Nje, filimbi ya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti ilikuwa imelia.

Msichana mwenzake waliyemwita Miwani, aliyekuwa akiosha wavu, alimuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza," alijibu Kiguu. "Mia mbili na mbili."

Akaiandika ubaoni, akamwaga maji, akatoka mbio.

Jumatano, wakila chakula cha mchana, mama mdogo alikuwa na furaha. Alikuwa mtafiti katika kituo cha bahari, na kwa miezi mitatu yeye na wenzake walikuwa wamekuza vifaranga elfu tatu wa samaki ili kuwarudisha kwenye miamba. Boti yao ya kwenda kuchota maji ya kupima ilikuwa imeharibika injini, hivyo juma hili walitegemea hesabu ya shule. Vikamba ndivyo chakula cha vifaranga hao, na kwa kuwa vipo tele, wangewaachia Ijumaa asubuhi.

Kiguu akalirudisha tonge sahanini. Akasema ameshiba.

Alhamisi hakutulia hata kidogo. Aliomba ruhusa ya kutoka mara tatu, mpaka mwalimu akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Alijiambia kwamba huenda kweli alikosea, huenda vikamba ni vingi. Lakini kila akifumba macho aliiona ile sahani, karibu tupu. Kengele ya mwisho ilipolia, hakwenda mazoezini. Alikimbia hadi kituoni, akamkuta mama mdogo kando ya tangi akiwatazama vifaranga.

"Mama mdogo, ile hesabu niliitunga. Nilihesabu sahani moja tu. Nilipata kumi na kimoja."

Mama mdogo alichukua wavu ukutani. Kiguu angefurahi kama angegombezwa.

"Vaa viatu vya maji," mama mdogo alisema. "Tukachote upya."

Wakakokota wavu mahali palepale, kisha wakakaa mbele ya hadubini moja. Sahani ya kwanza ilikuwa na vikamba tisa, ya pili kumi na viwili, ya tatu kumi. Safari hii miguu ya Kiguu iliwasha kwa hamu ya kukimbia, lakini hakuinuka.

Mama mdogo aliahirisha kuwaachia vifaranga, akamtaka Kiguu amweleze fundi wa matangi yeye mwenyewe. Fundi aliguna; vifaranga walikuwa wamebanana, na sasa ingebidi kubadilisha maji kila siku. Kiguu akaja kumsaidia kila jioni. Shuleni aliikata ile namba ubaoni mbele ya wenzake, akaandika kumi na akaeleza sababu. Wachache walicheka. Miwani akajitolea kukaa naye zamu ijayo.

Juma lililofuata walipata ishirini na sita. Kisha themanini. Kisha mia moja tisini na tano, na Ijumaa hiyo vifaranga wakamwagwa baharini, wakatawanyika kati ya matumbawe kufumba na kufumbua.

Kiguu aliuliza vikamba vilikuwa vimekwenda wapi.

"Sijui bado," alisema mama mdogo. "Huenda maji yalipata joto, huenda kundi la samaki lilipita likavila. Vikamba huongezeka na kupungua, ndiyo maana tunahesabu kila juma. Siku namba inapokushangaza, mwanangu, ihesabu tena, kisha iandike kama ilivyo. Ukiandika ile unayodhani watu wanaitaka, bahari itakuwa imetwambia kitu, na wewe umetuziba masikio."

Kiguu alichukua wavu, akaanza kuusuuza polepole.