Kaburi la Sita la Aldwier

Kila asubuhi Jeltje alikwenda shule kwa baiskeli, upepo ukimsukuma kifuani kana kwamba haukutaka afike. Barabara ya kijiji cha Aldwier, huko Uholanzi, ilifuata tuta lililojengwa kuizuia bahari, na juu ya tuta kondoo walitafuna majani bila haraka yoyote. Jeltje aliwaonea wivu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na tangu theluji iyeyuke hakuweza kutulia. Darasani mguu wake ulitikisika chini ya dawati. Nyumbani alikula mkate wake wa jibini akiwa amesimama, jicho dirishani.

"Kaa, mjukuu wangu," Bibi Wytske alimwambia. "Mkate haukimbii."

Kilichomkosesha raha Jeltje kilikuwa tarehe nne ya Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani.

Miaka mingi iliyopita, wakati wa vita vya dunia, ndege iliyotoka ng'ambo ilidunguliwa na kuanguka kwenye malisho ya Aldwier. Ilibeba vijana saba. Watano walitambulika, wakazikwa kando ya kanisa kwa majina yao. Wa sita hakuwa na chochote cha kumtambulisha. Wa saba hakuonekana kabisa. Tope la mifereji lilimmeza. Tangu siku hizo kila kaburi lina nyumba inayolitunza. Mtoto wa nyumba hiyo anapofika darasa la mwisho, wakubwa humkabidhi ndoo na brashi laini. Kisha jioni ya tarehe nne Mei, kabla kengele ya kanisa haijalia, husimama kando ya jiwe na kuwaeleza wanakijiji habari za mtu wao.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Jeltje, na kaburi la nyumba yao lilikuwa la sita, lile lisilo na jina.

"Wangu alikuwa rubani," Douwe, mtoto wa mwoka mikate, alijigamba uwanjani wakati wa mapumziko. "Ana nishani. Tunayo picha yake, ana masharubu kama brashi ya viatu."

"Na wangu alipiga fidla," alisema msichana mwingine. "Dada yake alituambia."

Douwe akamgeukia Jeltje. "Wewe utasema nini? 'Huyu hapa ni fulani bin fulani, asanteni, karibuni kahawa'?"

Watoto wakaangua kicheko. Jeltje alihisi masikio yake yakiwaka moto. Akatazama kando, akawaona wale kondoo kwenye tuta, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Wangu alizungumza! Babu yangu alimkuta bado hai. Alimwambia kwao wana shamba la kondoo, wengi mpaka mlima unakuwa mweupe. Babu aliniambia mwenyewe kabla hajafa."

Kicheko kikakatika. Hata Douwe alisogea karibu asikie. Kwa siku nzima Jeltje alikuwa mtu mkubwa. Lakini uongo ni kama ndama mwenye njaa: ukishazaliwa unataka kulishwa. Aliulizwa sauti ya askari ilikuwaje, akasema nzito. Aliulizwa rangi ya nywele, akasema nyekundu. Babu yake, aliyezikwa majira ya baridi yaliyopita, hakuwa na njia ya kumkana.

Habari zilimfikia Mwalimu Hoekstra. Alimwita Jeltje mezani kwake, macho yake yaking'aa.

"Jeltje, unajua Bi Eileen anakuja wiki ijayo?"

Jeltje alimjua. Aldwier nzima ilimjua Bi Eileen, mama mwenye mvi aliyekuwa akija kutoka New Zealand, mwisho wa dunia, kila baada ya miaka michache. Alilala kwa mwoka mikate, na katika safari zake alikuwa ameokota Kiholanzi cha kutosha kuagiza kahawa na kutania watu. Kaka yake alikuwamo katika ndege ile. Labda ndiye aliyelala katika kaburi la sita, labda ndiye aliyemezwa na tope. Hakuna aliyeweza kumwambia.

"Nilimpigia simu jana," Mwalimu alisema taratibu. "Nilipomweleza habari za kondoo aliniomba nirudie. Kwao ni wafugaji wa kondoo, Jeltje. Kisha akaanza kulia."

Jeltje alitaka kusema ukweli. Badala yake aliitikia kwa kichwa, akatoka, akaendesha baiskeli mpaka mwisho wa tuta na kurudi, kisha tena mpaka mwisho na kurudi, kama mtu aliyepoteza kitu asijue ni nini.

Siku zilizofuata alisugua jiwe la kaburi mara nyingi mno. Lilikwisha kung'aa, naye bado alisugua. Bi Eileen alipowasili, Jeltje alijificha ghalani. Alimwona kupitia ufa wa mlango akipita na mkoba wake, amevaa koti jipya, akitembea haraka kama msichana.

Mchana wa tarehe nne, Bibi Wytske alimkuta jikoni. Mkate wa sukari aliokatiwa ulikuwa haujaguswa.

"Wewe unauacha mkate wa sukari?" Bibi alisema. Akavuta kiti, akakaa. Akachukua viazi akaanza kuvimenya. Alikuwa na subira ya mtu aliyelea watoto wengi na ndama wengi zaidi.

Alipomaliza kiazi cha tatu, Jeltje akalipuka kilio na kumwaga yote.

Bibi Wytske aliweka kisu chini. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira, ila kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Umemsemesha babu yako maneno ambayo hakuyasema," alisema.

"Nisamehe, Bibi."

"Mimi nitakusamehe kabla chai haijachemka. Lakini kuna mtu amevuka dunia nzima kwa ajili ya neno lako. Utamwambia."

"Baada ya sherehe?"

"Kabla. Usimwache asimame mbele ya jiwe lile akiamini. Kila saa inayopita unamjengea nyumba juu ya tope."

"Sema wewe, Bibi. Tafadhali."

"Nitakwenda nawe mpaka mlangoni, na nitakushika mkono. Ulimi ni wako." Kisha sauti yake ikalegea. "Tena sikia. Babu yako kweli alikuwapo. Alichofanya, alipokuwa mtu mzima hakumwambia mtu ila mimi, kwa kuwa aliona aibu kwamba ni kidogo mno." Akamweleza.

Bi Eileen alikuwa sebuleni kwa mwoka mikate, akipanga maua ndani ya chupa. Alipomwona Jeltje alinyoosha mikono miwili. "Ndiye huyu! Njoo, mwanangu, njoo uniambie tena kwa kinywa chako."

Jeltje hakusogea. "Si kweli," alisema. "Hakuzungumza. Habari za kondoo nilizitunga mimi, kwa sababu walinicheka. Babu alimkuta amekwisha kufa."

Mikono ya Bi Eileen ilishuka polepole. Alikaa chini. Nje upepo ulikuwa ukigongagonga dirisha. Douwe, aliyesimama mlangoni na sinia la keki, alitazama viatu vyake.

"Nilikwisha kuwaambia watoto wangu," Bi Eileen alisema hatimaye. "Nilikwisha kuwaambia kuwa nimempata."

Jeltje aliposikia hivyo alitamani sakafu ipasuke. Lakini hakukimbia. Alisimama pale pale, machozi yakimchuruzika, mkono wake ndani ya mkono wa bibi yake.

"Kuna jambo moja la kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ukitaka."

Bi Eileen alipangusa uso, akavaa lile koti jipya, akafunga vifungo vyote. "Liseme kwenye kaburi," alisema. "Watu wote wasikie, nami nisikie."

Jioni ile, jua lilikuwa bado juu ya tuta watu walipokusanyika kando ya kanisa. Douwe alisema habari za rubani na nishani yake. Wengine wakafuata. Zamu ya Jeltje ilipofika, alikiri kwanza mbele ya wote kwamba alikuwa ametunga uongo. Mnong'ono ukapita. Kisha akasema:

"Mtu wetu hatumjui jina. Babu yangu alikuwa na miaka minane alipomkuta kwenye majani, karibu na ng'ombe wetu. Mguu wake mmoja ulikuwa hauna kiatu. Babu alivua soksi yake ya sufu akamvisha. Ilikuwa ndogo, ikafika nusu ya wayo tu. Alikaa naye mpaka watu wazima walipokuja, akaenda nyumbani mguu mmoja ukiwa wazi kwenye baridi. Sufu ilikuwa adimu mwaka ule, lakini mama yake hakumgombeza. Hayo ndiyo tunayoyajua. Mengine hatuyajui."

Kengele ikalia. Kijiji chote kikanyamaza kwa dakika mbili, kama ilivyo desturi. Hata watoto wachanga mikononi mwa mama zao walitulia. Katika ukimya ule Jeltje alisikia kwato za kondoo kwa mbali, na pumzi ya Bi Eileen aliyesogea na kusimama karibu naye.

Ukimya ulipokwisha, Bi Eileen aliinama akaweka maua yake chini ya jiwe. "Mama yangu aliuliza swali moja mpaka kufa kwake," alisema. "Hakuuliza amezikwa wapi. Aliuliza kama aliachwa peke yake. Huyu, awe kaka yangu au mwana wa yule mama mwingine aliyempoteza wake, hakuachwa peke yake." Akamtazama Jeltje. "Uliniumiza, mtoto. Sitakuficha. Lakini hili nitalibeba mpaka nyumbani."

Baadaye ukumbini, watu walipokuwa wakinywa kahawa, Douwe alimsogezea Jeltje kipande cha keki ya machungwa, kikubwa kuliko cha kwake. "Soksi inaishinda nishani," alisema huku akitazama pembeni, kisha akaondoka mbio.

Bibi Wytske alikaa kando ya mjukuu wake. "Uliona ukweli wetu ni mdogo, ukautia chumvi," alisema. "Waliokufa hawahitaji chumvi yetu. Wakati hujui, sema hujui, hakuna aibu. Na ukikosea, rudi upesi, kabla mtu hajajenga juu ya kosa lako. Unaona? Leo ulirudi ukiwa umechelewa kidogo, na bado ulipokewa."

Jeltje aliitikia. Akaona kikombe cha Bi Eileen kimekwisha kahawa. Akainuka, akakichukua, akaenda kumjazia.