Mtu Aliyemwita Kimya

Kituo cha basi cha mji ule mdogo wa milimani kilikuwa hakina pa kuweka mguu. Abiria waligombania mizigo iliyoshushwa kutoka juu ya paa, wachuuzi wa soksi za sufu wakiwavuta mikono, na ukungu ukiwateremkia vichwani. Mwanamke mmoja, aliyevaa koti la rangi ya zambarau alilojishonea mwenyewe, alilikamata begi la kijani la mgongoni. Mkono mwingine nao ukalikamata.

"Wewe kaka, achia!" alifoka kwa Kiswahili, maana alikuwa mbali na kwao na hakutarajia kueleweka. "Mrefu kama mlingoti, haya huna?"

Yule mwanamume alicheka bila kutoa sauti. Akachomoa simu, akaandika, akamgeuzia kioo: "Dada, hilo ni la mlingoti. Lako lile pale, lina utepe mwekundu."

"Mama yangu!" Mwanamke akajiziba mdomo. "Kumbe ni ndugu yangu! Na... huongei?"

Akatikisa kichwa.

"Pole. Nisamehe mdomo wangu."

Hakuuliza zaidi, na mwanamume hakueleza. Kwao alikuwa mtangazaji wa redio, wa kipindi cha asubuhi. Daktari alikuwa amemtoa uvimbe kooni na kumkataza hata kunong'ona mpaka atakaporudi kupimwa, la sivyo sauti aiage. Ndiyo maana alichagua mji wa ugenini, asikomjua mtu wala lugha. Mwanamke alikuwa fundi wa magauni ya harusi, aliyefiwa na mume miezi michache nyuma. Safari ile alisukumwa na mdogo wake: "Dada, nenda ukapumue. Unashona furaha za watu huku unakauka."

Walijikuta nyumba moja ya wageni, ya mbao, yenye jiko la pamoja na kibaraza kilichotazama bonde. Asubuhi walipanda vilima na mabegi yao, mchana walilala kwenye nyasi, jioni walimenya viazi pamoja. Mwanamke alimwita mwenzake Kimya. Naye kwenye simu alimwandika Fundi.

"Kimya, leo tunafika kwenye maporomoko, au utajifanya una mafua?"

"Mafua yatapona ukibeba wewe maji yote," aliandika.

"Jamani! Na mimi nilifurahi nimepata mwanamume asiyenikatiza."

"Na mimi nimepata redio isiyozimika."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kimya alimtazama, moyo ukimwenda mbio, na hakukuwa na mlima wa kusingizia.

Alasiri moja mvua iliwafungia kibarazani. Fundi alijifunika blanketi mabegani, akaweka mkono juu ya wa Kimya.

"Nikuambie kitu ambacho hata mdogo wangu hakijui?" alisema. "Mume wangu aliugua sana. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza usiku na mchana. Alipokata roho watu walilia, mimi nikaingia chumbani nikalala fofofo. Nilifurahi, Kimya. Si kwamba sikumpenda. Nilichoka. Sasa mama mkwe ananisifia kwa watu, nami nainamisha kichwa tu. Nimekuambia wewe kwa sababu haitatoka."

Kimya aliandika, "Mimi kazi yangu ni kuongea." Akaifuta. Aliogopa mkono uliokuwa umelala juu ya wake utaondoka.

Kesho yake asubuhi simu ya Kimya ililia. Alikuwa mama yake, ambaye macho yake hayakuona tena maandishi. Jumbe za mwanawe alisomewa na jirani. Mtu mmoja mtaani alikuwa amemtia maneno kwamba mwanawe alifia kwenye upasuaji na watu wanamficha.

"Mwanangu," mama alilia, "kama u hai, niite mara moja tu."

Kimya alifumba macho. "Mama. Ni mimi. Nipo hai, mama. Nyamaza, usilie."

Alipogeuka, Fundi alikuwa mlangoni, taulo begani. Sauti ile aliijua. Ilitoka kila asubuhi kwenye redio iliyokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wake.

"Wewe!" alisema. "Nimekufunulia moyo, kumbe nilikuwa mbele ya kipaza sauti!"

"Fundi, nisikilize..." Sauti ilipasuka.

"Usinisemeshe! Kawachekeshe watu wako."

Fundi aliondoka na basi la asubuhi ile ile.

Nyumbani hakuzisoma jumbe za Kimya. Kila asubuhi alikaa na mkasi mkononi mbele ya redio, akingoja kusikia habari za mjane fulani aliyefurahi. Hazikutoka. Kipindi kilitangazwa na binti mmoja, na siku moja binti huyo akasema kwa huzuni kwamba mwenzao hatarudi hewani. Koo halikupona, sasa anaandika habari tu.

Fundi aliweka mkasi chini. Akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, akamweleza ukweli wote akiwa amepiga magoti. Mama mkwe akamwinua kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hata mimi nilimwomba Mungu amchukue," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Barabarani, Fundi alipiga simu. Ilipokelewa na sauti nyembamba, iliyojaa mikwaruzo.

"Samahani baba, naomba kuongea na mwenye simu."

"Ndiye mimi, Fundi."

Fundi alisimama kando ya barabara. "Ni kwa sababu ya siku ile?"

"Mama alidhani nimekufa. Ningefanyaje? Daktari anasema huenda isingepona hata ningenyamaza."

"Mbona hukuniambia pale mwanzo?"

"Ungeacha kuongea. Nami nilitaka kukusikia. Nilikosea, mpenzi."

Neno hilo lilimvunja. Akalia barabarani, watu wakimpita, machozi ambayo mazishini hayakuja. Kimya alingoja bila kukata simu.

"Njoo Jumapili," Fundi alisema baadaye. "Uje na mama yako."

"Nikija na mama, atasema amekuja kuposa."

"Aseme. Ila nipe muda. Leo ndiyo nimeanza kumlilia mume wangu."

"Tutangoja. Lakini namjua mama, ataanza kuniuliza unapenda kula nini."

"Mwambie nakula kila kitu," alisema Fundi akijifuta uso kwa kiganja. "Kinachonishinda ni kula peke yangu."